Punda Avuke na Mzigo Wake

Nyinyi vijana mnaobonyeza "Sasisha sasa" bila kusoma, hamjambo. Na nyinyi mnaobonyeza "Nikumbushe kesho" tangu mwaka juzi, hamjambo pia. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya kanisa nje kidogo ya Tawa mpaka nikastaafu, na miaka hiyo yote nilichunga makundi yenu hayo mawili. Mpaka leo sijui ni lipi lilinichosha zaidi.

Watu hudhani kazi ya fundi ni kutengeneza. Kutengeneza ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kusema hapana, halafu kukaa kimya huku mtu akikutazama kama umemnyima maji. Vitabuni wanaliita sasisho, sisi kazini tuliliita apdeti, nalo likija swali ni lile lile: niliweke leo, nilingojeshe, au nilikatae. Swali hilo ndilo lililonisomeshea watoto. Mmoja wao ni Mwikali, na nitawaeleza juu ya wiki ambayo alikuwa amelazwa katika wodi yetu ya uzazi, damu yake ikiwa imepungua, akingojea kupasuliwa, na mimi nikiwa na apdeti moja ya kuamua. Lakini kwanza mjue nilijifunza wapi kukataa.

Aliyenifundisha ni Mzee Maingi wa Makindu. Alikuwa fundi wa taipureta, na kompyuta zilipokuja alizipokea kama mtu anavyompokea mkwe asiyemtaka, kwa heshima na bila chai. Nilipoanza kazi kwake nilikuwa na tabia yenu ya kubonyeza. Siku moja alinikuta naweka programu mpya kwenye mashine ya mteja.

"Musembi, hii kitu ilikuwa inafanya kazi?"

"Ndio, mzee."

"Sasa unaitibu nini?"

Akaniambia niende nikafagie. Nilifagia sana mwaka ule.

Hata hivyo msimwige Mzee Maingi mpaka mwisho, kwa maana yeye hakuweka apdeti yoyote maishani mwake. Mashine yake ya dukani ilijaa virusi hadi ikawa inafungua kurasa yenyewe, bila kuguswa. Yeye akasema imekomaa. Wateja walipoanza kubeba virusi vyake nyumbani kwa flashi, wakarudi kulalamika, aliwauliza kama wao nyumbani hawaambukizani mafua. Nilimpenda yule mzee, na bado namkumbuka kila ninapofagia.

Kwa hiyo mjue mapema kwamba kuna apdeti ya kuziba tundu na kuna apdeti ya kupaka rangi. Ya kuziba tundu huletwa kwa sababu mwizi amekwisha kuligundua tundu hilo, na hiyo usiicheleweshe bila sababu unayoweza kuitamka mbele ya watu. Ya kupaka rangi inahamisha kitufe kutoka kushoto hadi kulia, nayo inaweza kungoja wengine waijaribu kwanza. Shida ni kwamba watengenezaji hupenda kuzifunga zote mbili katika karatasi moja, kama mwenye duka anayekataa kukuuzia sukari mpaka uchukue na kiberiti. Soma maelezo yao. Ruka pale wanapojisifu, nenda chini kabisa palipoandikwa matatizo yanayojulikana. Wakiandika kwamba hakuna tatizo linalojulikana, ngoja kidogo, litajulikana.

Na ile inayokurukia katikati ya kurasa za mtandao ikipiga kelele kwamba kompyuta yako iko hatarini, bonyeza hapa, hiyo si apdeti. Huyo ndiye mwizi mwenyewe, amekuja kukuuzia kufuli.

Jambo la kutanguliza punda nililitoa kwa mama yangu, kule Nuu nilikozaliwa. Mito yetu ni ya mchanga, mnajua. Miezi mingi unavuka kwa viatu. Mvua ikinyesha huko juu, maji hupita, hukauka, na mchanga hubaki unaonekana mgumu kumbe chini umelegea kama uji. Mama hakuruhusu mtu kuvuka kabla ya punda. Na hakuruhusu punda kutangulia mtupu. Alimfunga mitungi yote, imejaa maji, halafu akamswaga. Jirani yetu mmoja alikuwa na huruma, akimvusha punda wake mtupu kwanza ili asichoke. Punda alivuka vizuri sana. Akamrudisha, akampakia, na safari ya pili yule punda akazama mpaka tumboni katika njia ile ile. Kijiji kizima kilikuja kumvuta kwa kamba. Mama alivuta na wengine, na tulipofika nyumbani ndipo akasema huruma ile imemvunja punda mgongo.

Basi nilipopata kazi hospitalini nilichukua kompyuta moja kuukuu, nikaiweka kwenye pembe ya ofisi yangu, nikaandika juu yake PUNDA kwa kalamu nene ya wino. Apdeti yoyote ilipita kwa Punda kwanza. Wageni waliokuja kukagua hospitali waliuliza kifupi hicho ni cha maneno gani. Niliwaambia ni mnyama.

Kuna mambo mengine madogo nitayatupa tu hapa, myaokote mnavyoweza. Usiweke apdeti Ijumaa. Ikiharibika Ijumaa, utaitengeneza Jumamosi ukiwa na nguo za harusi ya mtu. Usiiweke mawingu yakiwa meusi, kwa sababu stima zetu hukatika mvua ikiwa bado Machakos. Weka nakala ya akiba ya mafaili kwanza, na uifungue uone kama inafunguka. Nimewaona watu wakilinda nakala zao kwa miaka, na siku ya shida wakakuta wamelinda folda tupu.

Na weka saa za kazi kwenye mashine, ili isijiamulie yenyewe wakati wa kujizima. Nilikuwa kwenye mazishi ya mzee mmoja wa kanisa letu, nyimbo zinarushwa ukutani kwa projekta kutoka kompyuta ya mwalimu wa kwaya. Tulikuwa ubeti wa pili. Ukuta ukageuka rangi ya buluu, ukaandika: Inasasisha, asilimia thelathini, usizime kompyuta yako. Jeneza liko mbele. Hakuna aliyejua ubeti wa tatu kwa kichwa, kwa hiyo tukarudia wa pili, macho yetu yote ukutani. Asilimia arobaini. Mwalimu wa kwaya alisogea kuizima, pasta akamshika mkono.

"Mwalimu, si imesema usizime?"

Kisha akageukia waombolezaji, akatuambia kwamba hata Bwana alisema anakwenda kuandaa mahali. Ilipofika mia moja mama mmoja nyuma alisema amina kwa sauti. Nilikuwa nimefiwa na rafiki, na niliona aibu jinsi nilivyocheka ndani ya kofia.

Nikiwa bado kwenye hospitali hiyo, nilitumwa pia kwenye zahanati ya kanisa kule Nuu, ambako kompyuta ilikataa kila apdeti. Sista aliyesimamia alisema wamejaribu yote, na wameiombea. Nikatazama saa kwenye pembe ya skrini. Kompyuta iliamini bado iko katika mwaka ambao sista huyo alikuwa shule ya msingi. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa, basi kila ikiwashwa inarudi zamani, na kila apdeti ikija na cheti chake cha usalama, kompyuta inaona cheti cha mtu ambaye hajazaliwa, inakataa. Ilikuwa na haki. Nilinunua betri kwa fundi wa saa pale sokoni, nikaitia, na sista akasema maombi yamejibiwa. Sikubishana naye, maana betri ilipatikana.

Sasa turudi kwa Mwikali.

Wiki ile kulikuwa na kirusi kinachofunga mafaili. Kinaingia kupitia tundu, kinafunga kila kitu, halafu kinakuachia barua ya adabu ya kudai pesa. Ofisi moja si mbali nasi ilikuwa imeingiliwa, watu wamerudi kuandika kwa mkono. Watengenezaji wa programu yetu ya hospitali walituma apdeti ya haraka. Ilikuwa ya kuziba tundu na ya kupaka rangi kwa pamoja, kama kawaida yao. Msimamizi wa hospitali, Bwana Kioko, alikuja ofisini kwangu Alhamisi akiwa na simu mkononi.

"Mzee Musembi, mimi nataka Ijumaa jioni hizi mashine zote zikuwe zimeapdetiwa. Umeona vile wale wenzetu wamefungiwa?"

"Nimeona."

"Sasa tunangoja nini?"

"Punda."

"Mzee, watu wataniuliza mimi. Hawataniuliza punda."

Alisema kweli, na sikumcheka. Kioko alikuwa mtu mwoga kwa sababu nzuri. Nikaweka apdeti kwa Punda asubuhi ile ile, nikafungua, nikafunga, nikachapisha, nikatafuta wagonjwa wa zamani. Punda akavuka bila kulowa. Mchana tukaiweka kwenye mapokezi, kwenye duka la dawa na kwenye ofisi. Ikabaki maabara.

Maabara ilikuwa mikononi mwa Nduku. Nduku aliiendesha tangu wakati ambapo mimi bado nilikuwa na nywele nyeusi. Kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa kwa waya na mashine ya kupima damu, mashine inatema majibu, programu inayapokea na kuyaweka kwenye faili la mgonjwa, daktari anayasoma wodini. Nilipoingia na flashi alisimama mlangoni.

"Baba Mwikali, hiyo flashi ni ya nini?"

"Apdeti. Punda amevuka."

"Punda yako amevuka akiwa amebeba nini?"

Nikairudisha flashi mfukoni. Nduku hajawahi kufika Nuu na hamjui mama yangu. Alikuwa anauliza tu, kwa sababu alikuwa ameiona kompyuta ya pembeni ofisini kwangu, haina waya hata mmoja isipokuwa wa stima.

"Hii mashine yangu ikianza kuongea uongo, nani atajua?" akasema. "Huko reception kitu ikiharibika, mtu anaona. Hapa haionekani. Inaandika tu number, na daktari anaamini."

Nikarudi kwa Kioko, nikamwambia maabara isiguswe kwanza. Akaniuliza na kirusi je. Nikamwambia nitang'oa waya wa mtandao kwenye kompyuta ya maabara, kirusi hakitapata njia, na majibu yatatembea kwa miguu, yameandikwa kwenye karatasi, mpaka nimpakie Punda mzigo. Kioko akaiweka simu mezani.

"Unaturudisha nyuma mzee. Kwa karatasi!"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Hiyo methali ndio niwaambie wodi?"

Wodi ziliambiwa. Hawakuifurahia. Wauguzi walipanda na kushuka ngazi na karatasi, wakipita mbele ya mlango wangu polepole ili nione jasho lao. Na katika wodi ya uzazi alikuwa Mwikali, mimba yake ya kwanza, miguu imevimba, damu chini. Daktari alikuwa amesema asubuhi atapimwa tena, na kipimo hicho ndicho kitakachoamua kama ataongezewa damu kabla ya kupasuliwa au ataingia hivyo hivyo. Nilipokwenda kumwona alikuwa ameegemea mto, amekasirika.

"Baba, ni wewe umezima maabara?"

"Sijaizima. Nimeichomoa kidogo."

"Majibu yangu yanaletwa na mtu anatembea! Wamama wote hapa wanajua wewe ni babangu."

Nikamwambia ale. Nilitamani kumwambia kwamba ninaogopa, lakini sikujua ninaogopa kitu gani, na mgonjwa humpi hofu ambayo haina jina. Nilikaa pale mpaka muuguzi aliponiondoa. Moyo wangu ulikuwa mzito, niseme ukweli.

Asubuhi, kabla wagonjwa wa nje hawajafika, nikabeba Punda mpaka maabara. Nikanakili humo kila kitu cha kompyuta ya Nduku, mafaili yote, nikaweka apdeti, nikamuunganisha kwa waya na mashine ya kupima damu. Mzigo ulikamilika, ila hakukuwa na maji ndani ya mitungi.

"Tunahitaji damu," Nduku akasema, na kabla sijajibu akawa ameshika mkono wangu. Akamtoa damu na mpishi wa hospitali, akamtoa na dereva. Akatupa nambari kama wagonjwa wowote wa nje, akatupima kila kitu mashine iliweza kupima, kwa sababu alitaka mzigo uwe mzito. Printa ikaguna. Akachukua karatasi yangu, akaisoma, akaisoma tena.

"Baba Mwikali, keti."

"Nimekuwa na nini?"

"Uko na mimba."

Mpishi alilazimika kutoka nje. Dereva aliniuliza ni ya nani. Mimi nilikuwa na mvi, na nimezoea kushtakiwa mambo mengi pale hospitalini, lakini hilo lilikuwa jipya. Karatasi ilisema kwamba Musembi, mwanamume, ni mjamzito, na damu yake imepungua. Nduku alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa, akatazama nambari ya sampuli yangu.

Lazima niwaeleze nambari za Nduku. Zamani mashine ile ilikuwa haikubali herufi, tarakimu tu. Nduku alitaka kutenganisha wagonjwa wa nje na wa wodi ya uzazi, basi wa nje akawawekea sifuri mbele, na wa uzazi akawaacha bila. Ilifanya kazi kwa miaka, hakuna aliyeuliza. Sasa toleo jipya, katika kupaka rangi kwake, lilikuwa limeona sifuri ya mbele kama uchafu, likaifuta. Mimi nilikuwa sifuri mia na ishirini. Sifuri ilipofutwa, nikawa mia na ishirini, na mia na ishirini alikuwa mwanamke fulani katika wodi ya uzazi. Programu ikatuona mtu mmoja.

Nduku akafungua faili la yule mwanamke ndani ya Punda. Majibu yake ya zamani yalikuwa yamehamia kwangu. Yangu yalikuwa yamehamia kwake. Faili lilisema ana damu ya kutosha, damu nzuri sana, ya mzee aliyeshiba ugali na maharagwe. Hakuna mahali palipokuwa na rangi nyekundu ya tahadhari. Daktari yeyote angesoma na kusema huyu yuko sawa, mwingizeni.

Nduku alisogea kidogo kando ili nisome jina mwenyewe.

Sikuketi. Nilishika ukingo wa meza ile ile aliyoishika akicheka. Nduku akachukua bomba lingine, akaenda wodini mwenyewe, akarudi, akairudisha mashine kwenye kompyuta yake isiyoguswa, akampima mwanangu, akaandika jibu kwa mkono, kwa herufi kubwa, akapanda nalo ngazi. Damu iko chini. Daktari akaagiza aongezewe. Akaongezewa, akapasuliwa, na jioni nikamshika mjukuu wangu, msichana, akanipigia kelele kama mtu wa mapokezi.

Niliwapigia simu watengenezaji. Dada aliyepokea alikuwa mpole, akasema hakuna mteja mwingine anayeweka sifuri mbele. Nikamwambia ninaamini, na kwamba sisi tunaiweka. Walirekebisha. Toleo jingine lilipokuja, Punda alivuka akiwa na waya zote na damu za watu watatu, na mimi sikuwa mjamzito. Tukaliweka Jumanne asubuhi, jua likiwaka. Hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimebadilika. Kioko aliniuliza kwa nini ilichukua muda wote huo. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hiyo ya Kioko nilimsamehe, maana hata yeye alilala vizuri usiku huo.

Ndiyo sababu nawaambia, msiniulize kama apdeti fulani ni salama. Huko ilikotengenezwa ni salama. Wameijaribu, na punda wao amevuka. Hawajui sifuri yako. Kila ofisi ina sifuri yake, ile tabia ndogo iliyoanzishwa na mtu mmoja zamani na ambayo haijaandikwa popote, na hiyo ndiyo unayopaswa kuitafuta kabla ya kubonyeza. Waulize wanaotumia mashine. Watakuambia hakuna kitu cha ajabu wanachofanya. Kaa nao mpaka ukione.

Mwikali anajua hadithi ya mimba yangu, kama wilaya nzima inavyoijua. Kila Krismasi huwasimulia wageni jinsi baba yake, mtu wa kompyuta, alivyoirudisha hospitali kwenye karatasi, akawakimbiza wauguzi ngazini siku moja kabla yeye hajapasuliwa, halafu kwa adhabu mashine ikampa mimba. Anaisimulia vizuri. Nacheka na wengine, mjukuu wangu anacheka kuliko wote, na mimi huomba niongezewe chapati.

Sikuwahi kumwambia faili lile lilikuwa la nani. Kwanza alikuwa na mshono mbichi. Baadaye alikuwa na mtoto mchanga. Halafu hadithi ikawa tamu mno kuivunja. Nimemuuliza Nduku, naye amesema wakati umefika.

Basi, Mwikali, mama, ukifika hapa uketi kwanza. Ile mimba ilikuwa yako.